Mchicha wa Namba Kumi na Nne

Saa kumi na mbili kasoro nafungua banda,
Upanga bado haijaanza kupiga honi.
Harufu ni ileile: mkojo, nyasi kavu, dawa ya sakafu.
Wananijua kwa mlio wa kandambili.
Kumi na Nne husimama kwa miguu ya nyuma,
pua inacheza,
anadai mchicha kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Jumatatu tulimshika, mimi na Daktari Kokuhirwa.
Ganzi kwanza. Kisha rangi nyekundu
kwenye mshipa wa sikio. Kisha mwanga,
mwembamba kuliko uzi,
ukaingia jicho la kulia
ukachoma palepale damu ilipokuwa ikipita.
Dakika mbili hazikutimia.
"Imeganda," daktari akasema, sauti ya chini,
kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala.

Nikaona kwenye kioo cha kompyuta.
Anayeijua Jangwani mwezi wa nne haelezwi:
mto umezibwa na chupa na magodoro,
maji hayana ugomvi na mtu, yanatafuta njia tu,
yanapanda barabarani, yanaingia jikoni,
yanabeba sufuria.
Ndivyo damu ilivyofanya nyuma ya jicho lile.

Shangazi Sikudhani wa Mburahati
hakuchomwa na mwanga wowote.
Yeye alitumia miaka thelathini:
chumvi ya kuongeza mezani,
vidonge vya presha vinavyomezwa kichwa kikiuma
na kusahaulika kikipoa,
cherehani mpaka usiku wa manane kila msimu wa sare za shule.
Asubuhi moja akaamka na moshi kwenye jicho moja.
Akaliosha. Akalaumu vumbi.
Uzi ukakataa tundu la sindano;
akamwita mjukuu amtilie, akasema mikono imezeeka.
Miezi miwili alitudanganya hivyo.

Nilimuuliza daktari:
huyu ana miezi saba, hajui presha,
mishipa ya jicho lake imetanda pande mbili tu, kama mbawa,
atatufundisha nini kuhusu mwanamke wa miaka sitini na tatu?
Akavua glavu, kidole kwa kidole.
"Machache," akasema.
"Dawa inafika au haifiki. Inaunguza au haiunguzi.
Mengine hayajui.
Usimtwishe asiyoyajua."

Nusu yao wanapata dawa, nusu maji ya chumvi.
Nani kapata nini sijui; bahasha imefungiwa kabatini.
Mchicha nagawa sawa.

Jirani yangu Mbwilo, kila wiki:
"Mkimaliza mnawatupa? Supu yote ile?"
Nacheka.
Simwambii siku ya ishirini na nane
nani huwabeba kifuani mpaka meza ya mwisho,
wala kwamba jicho hubaki kwenye chupa
na namba iliyo juu yake ni mwandiko wangu.

Shangazi alisomewa fomu,
akauliza maswali manne, la tano akalirudia, akasaini.
Kumi na Nne hakuulizwa.
Hilo sina pa kuliweka.
Najua dawa ya shangazi nayo
ilipita kwanza kwenye banda fulani, mji fulani,
na mtu fulani aliosha vyombo vya maji asubuhi ile.
Kujua hakunipunguzii kitu.

Jana nilimsindikiza kwenye sindano ya tatu.
Alikishika kiganja changu, kucha zikaingia,
hakutoa sauti.
Kwenye bajaji, kitambaa jichoni, akauliza:
"Na yule wako, anaona?"

Sijui, shangazi.
Nikija kwa kushoto ananigeukia.
Nikija kwa kulia
namwonesha jani, haligusi,
mpaka nilisogeze puani.

Akanyamaza mpaka tukavuka Jangwani.
Kisha akafungua pindo la kanga,
akatoa mia tano iliyokunjwa mara nne.
"Mwongezee mchicha," akasema.
"Huyo daktari wako usimwambie."